Sir Charles Eliot: Kamishna aliyewajua makoa wa bahari kuliko wenye ardhi

JINA la Sir Charles Eliot hutajwa katika vitabu vya historia ya Kenya kwa sababu moja kubwa. Yeye ndiye Kamishna wa Uingereza aliyewafungulia walowezi Wazungu mlango wa nyanda za juu mwanzoni mwa karne ya 20, kisha akajiuzulu kwa hasira mwaka wa 1904 wakubwa wake wa London walipomzuia kugawa malisho ya Wamaasai katika Bonde la Ufa.

Sababu ya pili ya kukumbukwa kwake haipatikani katika vitabu hivyo. Miongoni mwa wataalamu wa viumbe wa baharini, Eliot ni mmoja wa mabingwa wa kuwatambua makoa wa bahari, wanyama laini wasio na gamba, ambao wengi wetu huwakanyaga miambani bila kujua. Majina ya kisayansi aliyowapa makoa wa Unguja na wa Wasini yangali yanatumika hadi leo, zaidi ya miaka 100 tangu alipoyaandika.

Kazi hizo mbili alizifanya kwa wakati mmoja, katika pwani moja. Kuzitazama kwa pamoja kunafundisha mengi kuhusu mtu huyu na kuhusu utawala aliouwakilisha.

Msomi wa lugha nyingi

Charles Norton Edgcumbe Eliot alizaliwa Januari 8, 1862, katika kijiji cha Sibford Gower, jimbo la Oxfordshire nchini Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi. Alisomea Cheltenham, kisha akaingia chuo cha Balliol katika Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alipata daraja la kwanza katika masomo ya Kiyunani na Kilatini, na kutuzwa kwa umahiri wake wa Kisanskriti.

Lugha zilimjia kwa wepesi wa ajabu. Mwaka wa 1887 alijiunga na ubalozi wa Uingereza huko St Petersburg, Urusi, na kabla ya kuondoka huko alikuwa amechapisha kitabu cha sarufi ya Kifini, mwaka wa 1890. Alihudumu Morocco, kisha Uturuki, ambako alikaa hadi mwaka wa 1898. Kutokana na maisha yake huko Uturuki aliandika kitabu kilichosifiwa sana kuhusu utawala wa Waturuki barani Ulaya. Kwa vile alikuwa bado mtumishi wa Serikali, kitabu hicho kilitoka mwaka wa 1900 chini ya jina la kubuni, Odysseus.

Mwaka wa 1899 alitumwa katika visiwa vya Samoa, Bahari ya Pasifiki, akiwa mmoja wa makamishna watatu waliotakiwa kusuluhisha mzozo baina ya Marekani, Ujerumani na Uingereza. Wakati wa mapumziko aliteremka miambani na kukusanya makoa. Mwaka huo huo makala yake kuhusu makoa wa Samoa ilichapishwa na chuo cha sayansi ya viumbe cha Philadelphia. Mwanadiplomasia huyo, ambaye hakuoa maisha yake yote, alikuwa amepata shughuli ambayo angeifuata kila alikopelekwa.

Mwishoni mwa mwaka wa 1900 aliteuliwa kuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na wakati huo huo kuwa mwakilishi mkuu wa Uingereza katika Zanzibar. Nyadhifa hizo mbili zilimweka kando ya bahari, kati ya Unguja na Mombasa. Kwa mtu mwenye kiu ya kuwajua makoa, hapakuwa na pahali pazuri zaidi.

Koa wa bahari ni mnyama gani?

Koa wa bahari ni jamaa ya konokono, kome na pweza. Anapoanguliwa huwa na gamba dogo, lakini hulitupa angali mchanga na kuishi maisha yake yote akiwa uchi. Kundi kubwa kuliko yote, lile aliloshughulikia Eliot, lilipewa na wanasayansi jina lenye maana ya matamvua wazi, kwa sababu wengi wao hupumua kwa matamvua yaliyochomoza nje mithili ya shada la maua mgongoni.

Aina zinazojulikana za kundi hilo hukaribia 3,000. Wako wadogo kuliko punje ya mchele, na wako wanaopita urefu wa sentimita 40. Kichwani wana jozi ya vipapasio wanavyovitumia kunusia maji. Mdomoni wana utepe uliojaa vijino vidogo sana, vilivyopangwa kwa safu, wa kukwarua chakula.

Kwa kawaida wavuvi hawawajali kwani hawaliwi wala hawauzwi. Rangi zao lakini haziwezi kupuuzwa na yeyote aliyewahi kuwaona majini. Kuna wa manjano, wa zambarau, wa buluu, wenye mistari na wenye madoa. Hapo ndipo penye fumbo lililowashughulisha wataalamu wa wakati wa Eliot: mnyama laini, mzito wa mwendo, asiye na gamba wala mifupa, anawezaje kukaa peupe kati ya samaki wenye njaa akiwa amevaa rangi za kujitangaza?

Crossland na maji ya bamvua

Shughuli za utawala hazikumruhusu Kamishna kushinda pwani kila siku. Alimkaribisha kijana mmoja Mwingereza, Cyril Crossland, aliyezaliwa mwaka wa 1878 na ambaye baadaye alisifika kwa utafiti wake wa Bahari ya Shamu. Kati ya mwaka wa 1901 na 1902 Crossland alitembea miamba ya Unguja, Pemba na bara, akikusanya viumbe wa kila namna. Alifanya kazi katika ghuba ya Chwaka iliyo mashariki ya Unguja, na pia huko Wasini, kisiwa kilicho kusini mwa pwani ya Kenya.

Kazi hiyo ilifuata mwezi. Nyakati za bamvua, mwezi uandamapo au unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali sana na kuacha wazi sehemu za mwamba zisizoonekana siku nyingine. Saa hizo, wenyeji wa pwani wanapotoka kutafuta pweza, ndizo saa za kugeuza mawe na kuchungulia chini yake. Sehemu za kina zaidi zilihitaji mashua na wavu wa kukokota chini.

Matokeo yake yalikuwa mfululizo wa makala sita kuhusu makoa wa Afrika Mashariki na Zanzibar, zilizochapishwa na Chama cha Zuolojia cha London kati ya mwaka wa 1902 na 1905. Katika sehemu ya kwanza Eliot alitangaza jenasi mpya ya makoa na kuiita Crosslandia, kumuenzi msaidizi wake. Aina yake ya kwanza, Crosslandia viridis, ina jina lenye maana ya kijani.

Wengine walifuata. Mwaka wa 1903 alimtaja Ceratophyllidia africana. Mwaka wa 1904 zilitoka sehemu zenye makoa wengi zaidi, akiwemo Chromodoris africana, mwenye mistari myeusi na myeupe na ukingo wa rangi ya chungwa au manjano, ambaye leo ni miongoni mwa makoa wanaopigwa picha sana na wapiga mbizi katika pwani yetu. Mwaka huo huo kisiwa cha Wasini kiliingia katika orodha ya majina ya kisayansi duniani, kwa koa aitwaye Halgerda wasinensis.

Ugumu wa kumtambua koa

Kumpa koa jina si kazi nyepesi. Konokono akifa huacha gamba linaloweza kuwekwa kabatini kwa karne nzima bila kubadilika. Koa hana kumbukumbu ya namna hiyo. Akitiwa katika spiriti hujikunja, akasinyaa, na rangi zake zikatoweka baada ya muda mfupi. Mnyama aliyekuwa ua la bahari hugeuka kuwa kipande cha nyama chenye rangi ya kijivu, na makoa kumi wa aina kumi huonekana kama ndugu wa tumbo moja.

Bingwa mkuu wa zama hizo alikuwa Rudolph Bergh, tabibu wa Copenhagen, Denmark. Bergh alipokea vielelezo kutoka kila pembe ya dunia na kuvipasua kwa ustadi mkubwa, lakini wengi wa makoa hao hakuwahi kuwaona wakiwa hai. Eliot alijifunza mengi kutoka kwake. Faida aliyokuwa nayo ni kwamba yeye na Crossland walikuwa palepale mwambani, na waliweza kuandika rangi, umbo na mwendo wa mnyama kabla ya kumtia chupani.

Utaratibu ulikuwa huu. Kwanza mnyama hutazamwa akiwa hai. Je, matamvua yake hurudi ndani ya kishimo akiguswa, au hubaki nje? Vipapasio vyake ni laini au vina mikunjo? Ngozi ya mgongo ni nyororo au ina vinundu? Kisha hufuata kisu na hadubini. Utepe wa meno hutolewa, safu zake zikahesabiwa, na umbo la jino la katikati na la pembeni likachorwa. Mwisho hulinganishwa na kila kilichoandikwa na waliotangulia.

Eliot alijua kwamba rangi peke yake humdanganya mtazamaji. Koa mmoja hubadilika kwa umri na kwa chakula, na makoa wawili tofauti huweza kufanana mithili ya pacha. Kwa sababu hiyo alikuwa mwangalifu kila mara kuonyesha sababu za hukumu yake.

Silaha za wanyonge

Maswali juu ya kujikinga kwa makoa yalikuwa motomoto wakati huo. Nchini Uingereza, katika miaka ya 1890, William Herdman wa Liverpool na wenzake walikuwa wamewatupia samaki makoa hai na kutazama yatakayotokea. Mara nyingi samaki walimtema koa. Ilianza kudhihirika kwamba asiye na gamba si asiye na ngao.

Njia ya kwanza ni kujificha. Makoa wa jenasi ya Crosslandia hukaa katika mimea ya baharini na wana rangi na umbo la majani hayo. Wale wa Sclerodoris, jenasi nyingine iliyotangazwa na Eliot mwaka wa 1904, wana mgongo wenye vishimo na matuta kama sifongo wanaokaa juu yake, hivi kwamba hata mtafiti mzoefu anaweza kuwapita asiwaone.

Njia ya pili ni kinyume cha hiyo: kuvaa rangi kali ili adui akumbuke. Chromodoris africana na jamaa zake hula sifongo zenye sumu, na sumu hiyo haiwadhuru. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 kuhusu makoa watano wa jenasi hiyo ulionyesha kwamba huchagua sumu moja tu, iitwayo latrunkulini A, na kuiweka hasa kwenye ukingo wa mgongo, pahali ambapo samaki huuma kwanza. Samaki aumaye hupata funzo, na rangi humsaidia kulikumbuka.

Njia ya tatu ni ya ajabu kuliko zote. Kuna makoa ambao migongo yao imejaa vidole vyembamba, na ambao hula viumbe wadogo wenye kuwasha, jamaa ya konyeza. Konyeza huwa na vifuko vidogo sana vyenye miiba ya sumu. Koa huyo humeza vifuko hivyo, vingine vikiwa bado havijafyatuka, akavipitisha tumboni hadi kwenye ncha za vidole vya mgongoni, na huko vikawa silaha yake mwenyewe. Thomas Strethill Wright alidokeza jambo hilo mwaka wa 1858, lakini wengi hawakuamini. Mwaka wa 1903, wakati Eliot akichapisha makala zake za Unguja, mtafiti G. H. Grosvenor alithibitisha kwamba kweli silaha hizo ni za kuporwa.

Wengine hutoa sadaka sehemu ya mwili. Akibanwa, koa huacha kipande cha ukingo wa mgongo au kidole kimoja mdomoni mwa adui, mithili ya mjusi aachavyo mkia, kisha hujiburura akaenda zake. Kipande hicho huota tena.

Koa mkubwa mwekundu aitwaye Hexabranchus sanguineus, apatikanaye pia katika pwani ya Afrika Mashariki, hujikunjua ghafla akiguswa na kuogelea kwa mawimbi ya mwili, akionyesha rangi zilizokuwa zimefichika. Waingereza humfananisha na mcheza ngoma wa Kihispania. Mwaka wa 1988 ilithibitishwa kwamba mwili wake, na hata utepe wa mayai yake, una sumu inayotokana na sifongo alao. Naye Phyllidia varicosa, koa mwenye vinundu vya manjano, alijulikana mwaka wa 1963 huko Hawaii kuwa hutoa utelezi wenye sumu inayoweza kuua samaki walio naye katika chombo kimoja.

Kemia hii yote haikujulikana katika siku za Eliot. Lakini bila ya majina aliyoyaweka yeye na wenzake, watafiti wa baadaye wasingejua ni koa yupi waliyekuwa wakimpima.

Mzozo wa ardhi ya Wamaasai

Huku bara, Kamishna alikuwa na shughuli nyingine. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwa Nyanza mwezi Desemba mwaka wa 1901, baada ya kugharimu zaidi ya pauni milioni 5 za walipa kodi wa Uingereza. Mwaka wa 1902 mpaka wa Uganda ulisogezwa magharibi, na sehemu kubwa ya Bonde la Ufa na nchi ya ziwa ikawekwa chini ya Eliot. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya ardhi iliyompa Kamishna uwezo wa kuwauzia na kuwakodishia wageni mashamba.

Eliot aliamini kwamba reli haitajilipa bila walowezi. Aliiona nchi ya nyanda za juu kuwa na watu wachache na kufaa kuwa makao ya Wazungu, na hakuficha kwamba masilahi ya Wazungu ndiyo yangetangulia. Mwaka wa 1903 afisa wake mmoja alipelekwa Afrika Kusini kuwashawishi Wazungu wa huko waje. Maombi ya ardhi yakaanza kumiminika.

Malisho mazuri yaliyotamaniwa na wageni yalikuwa ya Wamaasai. Jamii hiyo ilikuwa imepigwa na misiba mfululizo katika miaka ya 1890: sotoka iliyomaliza ng'ombe, ndui na vita vya ndani. Aliyewaona wakati huo aliwaona wakiwa wachache na mifugo yao ikiwa michache. Malisho waliyoyaacha yapumzike yalionekana kwa mgeni kuwa ardhi isiyo na mwenyewe.

Walikuwapo maafisa waliolitambua kosa hilo. Mmoja wao ni Frederick Jackson, naibu wa Eliot, ambaye kwa sadfa naye alikuwa mtaalamu wa viumbe, bingwa wa ndege wa Afrika Mashariki. Jackson aliishi nchini kwa miaka mingi kuliko mkubwa wake, na alitetea haki ya Wamaasai kubaki katika malisho yao ya Bonde la Ufa. Maoni yake yaliifikia Wizara ya Mambo ya Nje huko London.

Eliot alikuwa amewaahidi wazungu wawili kutoka Afrika Kusini, Robert Chamberlain na A. S. Flemmer, mashamba makubwa katika Bonde hilo. Waziri wa Mambo ya Nje, Lord Lansdowne, alikataa kuidhinisha ahadi hizo, ilhali kampuni moja ya Uingereza, East Africa Syndicate, iliruhusiwa kupata maili 500 za mraba. Eliot aliona hilo kuwa upendeleo na tusi kwa cheo chake. Mwezi Juni mwaka wa 1904 alijiuzulu.

Kuondoka kwake hakukuwaokoa Wamaasai. Mwezi Agosti mwaka huo mrithi wake, Sir Donald Stewart, alitia saini mkataba na viongozi wao, akiwemo Olonana, uliowahamisha kutoka Bonde la Ufa hadi hifadhi mbili, moja Laikipia na nyingine kusini mwa reli. Eliot mwenyewe alipinga wazo la hifadhi. Alitaka Wamaasai waishi katikati ya walowezi na kuacha desturi zao. Mwaka wa 1911 mkataba wa pili uliwaondoa Laikipia pia, na kesi waliyofungua mwaka wa 1913 ilitupwa nje.

Kitendawili cha Eliot kimo hapa. Yeye ndiye aliyeandika utangulizi wa kitabu cha A. C. Hollis kuhusu Wamaasai kilichotoka mwaka wa 1905, na kile cha Wanandi cha mwaka wa 1909. Hakuwa mtu asiyejali elimu juu ya wenyeji. Alizisoma lugha na mila zao kwa hamu ya msomi, lakini usomi huo haukumfikisha kwenye swali la nani mwenye ardhi.

Kutoka Sheffield hadi Nara

Serikali haikumpa kazi nyingine ya udiplomasia kwa miaka mingi. Mwaka wa 1905, mwaka ambao kitabu chake kuhusu Himaya ya Afrika Mashariki kilichapishwa, alikuwa naibu chansela wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Sheffield.

Ofisi ya Sheffield ilimpa nafasi ya kurudia makoa. Mwaka wa 1906 alitatua fumbo la muda mrefu. Daktari E. F. Kelaart alikuwa ameeleza makoa wengi wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mwishoni mwa miaka ya 1850, lakini maelezo yake yalikuwa mafupi mno na vigumu kuyatumia. Kelaart alifariki mwaka wa 1860. Michoro yake ya rangi ilikuwa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Newcastle, na Eliot aliilinganisha moja kwa moja na maandishi. Majina yaliyokuwa yameachwa kama vivuli yakapata wenyewe.

Mwaka wa 1907 aliandika ripoti ya makoa waliokusanywa na msafara wa meli ya Discovery katika bahari ya barafu ya kusini. Mwaka wa 1908 alieleza wale ambao Crossland alimletea kutoka pwani ya Sudan. Mwaka wa 1910 alikamilisha juzuu ya nyongeza ya kitabu kikuu cha makoa wa Uingereza kilichoanzishwa na Joshua Alder na Albany Hancock zaidi ya miaka 60 kabla.

Mwaka wa 1912 alikwenda kukiongoza Chuo Kikuu cha Hong Kong kilichokuwa kimeanzishwa punde. Mwaka uliofuata ilitoka makala yake kuhusu makoa wa Japani, na mwaka wa 1916 nyingine kuhusu wale wa ziwa la Chilka, India.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimrejesha katika utumishi wa Serikali. Alikuwa Kamishna Mkuu wa Uingereza huko Siberia mwaka wa 1918 na 1919, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Urusi, kisha balozi nchini Japani hadi mwaka wa 1926. Mwaka wa 1921 alitoa juzuu tatu kuhusu dini za Kihindu na Kibuda, kitabu ambacho wasomi wa dini wanakitumia hata sasa.

Baada ya kustaafu alibaki Japani, katika mji wa kale wa Nara, akiandika kuhusu Ubuda wa nchi hiyo. Afya yake ilidhoofika. Alipanda meli ya Hakone Maru kurudi Uingereza, lakini hakufika. Alifariki safarini Machi 16, 1931, na akazikwa baharini katika mlango wa Malaka, akiwa na umri wa miaka 69. Kitabu chake cha mwisho kilichapishwa mwaka wa 1935.

Hukumu mbili za historia

Majina mengi ya Eliot yamestahimili mtihani wa wakati. Halgerda wasinensis na Chromodoris africana yangali majina halali. Yapo mengine yaliyofutwa au kuhamishiwa jenasi nyingine, kama ilivyo kawaida ya sayansi. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka wa 2018 umethibitisha jambo alilolihofu yeye mapema: rangi za makoa wa Chromodoris hubadilika na kuigana hivi kwamba anayetegemea macho peke yake hukosea. Vielelezo vyake vingi vimo katika jumba la makumbusho la historia ya viumbe huko London, na mtafiti wa Kenya anayetaka kuvitazama hana budi kuvitafuta huko.

Maamuzi yake ya ardhi nayo yamedumu, kwa njia chungu. Nyanda za juu zilibaki milki ya Wazungu peke yao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwezi Agosti mwaka wa 2004, mkataba wa kwanza wa Wamaasai ulipotimiza miaka 100, waandamanaji wa jamii hiyo walijitokeza barabarani na baadhi ya wafugaji wakaingiza mifugo katika mashamba makubwa ya Laikipia, wakidai ardhi ya wazee wao. Madai hayo hayajafa.

Mtu huyu alipopewa koa asiye na rangi ndani ya chupa, hakuthubutu kumpa jina kabla ya kuhesabu meno yake, kusoma waliotangulia na kuwauliza waliomwona akiwa hai. Alijua kwamba kiumbe akionekana mnyonge na mtupu, huenda ni kwa kuwa mtazamaji hajatazama vya kutosha. Katika Bonde la Ufa alikuwa na Jackson, aliyekuwa amewaona wenye nchi kwa miaka mingi, na walikuwapo wenye nchi wenyewe. Huko hakuuliza, na gharama ya kutouliza kwake hawakuilipa makoa.